Taa ya Kulia

Gereji, 3 Juni

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu tukipigiana simu tunagombana kabla salamu hazijaisha, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho ndipo ukasirike. Barua anakuletea dereva wa lori la maziwa, yule mwanafunzi wako aliyefeli mara tatu kwenye kurudi nyuma. Siku hizi anarudi nyuma huku anaimba.

Jana tulikuwa na kikao cha harusi ya mdogo wangu, nyumbani kwa Mjomba. Tarehe imepangwa, Jumamosi ya 13 Julai. Mambo yalikwenda vizuri mpaka niliposema bibi harusi atapanda Bibie, lile gari letu la zamani, na wewe ndiye utakayeendesha. Mjomba akaegemeza fimbo yake ukutani, taratibu, ili kila mtu aione, kisha akasema: "Sitamweka mtoto wa dada yangu kwenye gari la mtu asiyewasha indiketa. Bwana Indiketa aje kama mgeni." Mama wa bwana harusi akajikohoza ili asicheke. Unanijua nilivyo. Nilipiga meza, chai ikamwagika, nikatoka.

Miaka mitano inatosha, Baba. Miaka mitano Mjomba anasimulia ile ajali popote watu walipokusanyika, na kila akisimulia mguu wake unavunjika vibaya zaidi. Mwalimu aliyefundisha udereva miaka thelathini na moja alikata kona ya kulia bila kuonyesha, pikapu iliyokuwa inampita ikaingia mlango wa nyuma. Ndiyo hadithi yake, na wewe umeiacha iwe hivyo. Umeacha kufundisha, umeacha kuendesha, umehamia kwa Shangazi unamwagilia maua. Wewe hujachoka. Mimi nimechoka.

Kwa hiyo sikuombi ruhusa, nakuarifu. Wewe ndiye utakayempeleka mdogo wangu kwenye harusi yake. Na ili asitokee mtu wa kusema hakuona, natoa balbu zote za taa za nyuma za Bibie, naweka LED za kukimbia. Unazikumbuka zile kava zake nyekundu, tatu kila upande. Ukiwasha indiketa itawaka ya ndani, kisha ya kati, kisha ya nje, halafu inaanza tena, mpaka kipofu aulize kuna nini. Kwa nje gari halitabadilika hata kidogo.

Binti yako mkubwa,
Fundi

*

Kwa Shangazi yako, 7 Juni

Fundi,

Marahaba. Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoagiza. Sasa nakasirika.

Hapana. Bibie alitoka kiwandani na balbu na atazeeka na balbu. Gari la zamani ukishaanza kulibadilisha vitu, mwisho unabaki na gari jingine lenye sura ya la kwanza. Halafu mvua ikinyesha LED zitaingia maji. Halafu wekundu wake si ule. Halafu nyaya za gari lile zimekaa miaka mingi zimepumzika, ukizigusa zitakatika. Halafu sitaki.

Upande wa kulia ndiyo usiuguse kabisa. Bati lilinyooshwa baada ya ajali, skrubu zimebana, utavunja kava, na kava nyingine ya gari lile hutaipata popote.

Mjomba wako mwache. Mguu ni wake, maumivu ni yake, na mdomo ni wake. Mimi nilisahau indiketa. Niliwaambia trafiki, nikaandika kwa mkono wangu, nikatia sahihi. Yaishe.

Nitakuja na basi. Nitakaa viti vya nyuma na nitapiga makofi kama wageni wengine. Shangazi yako anakusalimu. Anasema meza ulikuwa na haki ya kuipiga, ila chai ungeinywa kwanza.

Baba

*

Gereji, 12 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimekutii nusu. Nimefanya upande wa kushoto tu.

Nimetengeneza vibao vitatu vya duara vinavyoingia nyuma ya kava bila kuchokoza kitu. Kila kimoja kina taa ndogondogo ishirini na nne, na zote nimezilehemu mwenyewe, shingo bado inaniuma. Pembeni nimezungushia mpira mpya. Kuhusu mvua yako, nilimwaga ndoo nzima ya maji juu yake ikiwa inawaka na halikuingia hata tone. Kuhusu wekundu wako, nimeweka LED nyekundu nyuma ya kava nyekundu. Wanaoweka nyeupe ndio wanaopata ile rangi ya soksi zilizochuja.

Kitu kimoja kilinitoa jasho. Nilipowasha mara ya kwanza, indiketa ilipiga harakaharaka kama kuku anayedonoa. Kile kidude cha zamani chini ya dashibodi, kinachopiga tik-tak, kimezoea balbu zinazokula umeme mwingi. LED haili chochote, kikadhani balbu imeungua. Nimeweka cha kisasa, lakini nimehangaika siku mbili nzima kutafuta kinachotoa sauti, kwa sababu najua wewe unaendesha kwa masikio.

Sasa nikuulize. Nilikuwa na miaka saba uliponifundisha kwamba hata nikisukuma toroli ya maji nionyeshe mkono kabla ya kukata kona. Uliwahi kumrudisha mwanafunzi nyumbani kwa sababu alikata kona bila indiketa ndani ya yadi tupu, hakuna hata paka. Kioo, indiketa, kioo tena, ndipo usukani. Nimeyasikia hayo kuliko nilivyosikia jina langu. Mtu huyo ndiye asahau mchana kweupe, na shemeji yake amekaa nyuma? Siku ile sikuamini na leo siamini. Trafiki waliamini sahihi yako. Mimi naamini mkono wako.

Na kwa nini ni upande wa kulia tu usiofunguliwa? Skrubu zilizobana ndizo zinazoniweka mjini, Baba.

Fundi

*

Nyumbani kwangu, 15 Juni

Mpwa wangu,

Nimepata habari kwamba unaligeuza gari alilolipenda marehemu dada yangu kuwa ukumbi wa disko. Majirani wa gereji wananiambia taa zinakimbia. Taa hazikimbii, binti. Watu ndio wanaokimbia, na mimi siwezi tena, na unajua kwa nini.

Nasikia pia unazunguka ukisema baba yako hakusahau. Usinifundishe yaliyotokea siku ile. Wewe hukuwepo. Mimi nilikuwepo, kiti cha nyuma, upande wa kulia, na nakumbuka kila kitu. Baba yako alipunguza mwendo, akanyamaza kama anavyonyamaza siku zote akikaribia kona. Gari zima kimya. Nasikia ile saa yake ya dashibodi tu, tik-tak, tik-tak, tik-tak. Nikawa nawaza chakula cha mchana. Kisha kishindo. Hakuwasha kitu chochote. Dereva wa pikapu aliapa hakuona taa, na baba yako mwenyewe alikubali. Wewe ni nani wa kumkatalia mtu kosa alilolikubali?

Gari la kukodi limeshapatikana. Jeupe, jipya, na taa zake zimetulia.

Mjomba wako

*

Gereji, 18 Juni

Baba,

Shikamoo mara mia! Kama umesimama, kaa.

Nakuwekea ndani barua ya Mjomba. Isome yote, kisha rudi pale kwenye saa. Umepaona? Ile saa ya dashibodi, tik-tak, tik-tak, tik-tak.

Bibie hana saa, Baba! Tundu la saa limezibwa na kifuniko tangu sijazaliwa, Mama alikuwa anabandikia pini zake pale. Alichokisikia Mjomba ni indiketa. Miaka mitano anakuita Bwana Indiketa, na ushahidi uko ndani ya masikio yake mwenyewe. Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, kisha nikalia kidogo, kisha nikaenda kula.

Uliwasha. Uliwasha, halafu ukatia sahihi kwamba hukuwasha, na sasa utaniambia kwa nini, hata kama itabidi nije na spana. Hivi sasa najua hivi: kama indiketa ilikuwa inapiga ndani ya gari na dereva wa pikapu hakuona kitu nje, basi ubovu uko kwenye taa yenyewe. Kesho asubuhi nafungua upande wa kulia. Usihangaike kuniandikia unikataze, barua haitawahi.

Mwanao aliyefurahi kupita kiasi,
Fundi

*

Gereji, 19 Juni

Baba,

Nimefungua.

Skrubu hazikuwa zimebana. Zilitoka kwa vidole.

Waya mweusi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Hakuna aliyekwangua mpaka kwenye chuma. Umeme ulikuwa unapita kwenye ncha ya skrubu tu, siku unapita, siku haupiti. Siku usipopita, unazunguka kupitia balbu nyingine, unatosha kukipigisha kile kidude cha zamani tik-tak kama kawaida, hautoshi kuwasha taa. Na chini ya skrubu kuna kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kimekatwa mviringo kwa mkasi. Namjua fundi mmoja tu aliyekuwa anaweka mpira wa baiskeli pale eti skrubu isilegee, mpaka mwalimu wake chuoni alipomwambia aache ujinga, mpira unazuia umeme.

Ile rangi ya bluu ya kwenye buti la Bibie niliipaka mwenyewe nikiwa chuoni, wiki chache kabla ya ajali. Nilizitoa taa, nikapaka, nikazirudisha, nikakuita uje uone inavyong'aa. Ulisema, "Safi sana, Fundi." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

Ulijua?

*

Kwa Shangazi yako, 23 Juni

Mwanangu,

Nilijua.

Siku ya tatu baada ya ajali nilikwenda yadi ya polisi kuchukua miwani yangu iliyobaki garini. Nilijua niliwasha, nilikuwa nimeisikia ikipiga. Nikafungua taa kwa sarafu, nikakiona kile kipande cha mpira, nikafunga. Askari akaniuliza natafuta nini, nikamwambia nimeshapata. Kesho yake nikaandika kwamba nilisahau.

Ulikuwa umebakiza wiki mbili upate cheti. Ungejua, ungeacha. Usinibishie, nimekulea mimi. Ungerudisha vifaa chuoni, ukaenda kuuza duka la mtu, na ungekuwa unapita mbele ya gereji ukiwa umeinamisha uso. Sikutaka hilo. Mimi nilikuwa nimeshafundisha watu wa kutosha, wewe ulikuwa hujaanza hata kazi.

Sitaki shukrani wala machozi. Nilichagua nikiwa na akili zangu timamu, na sijajuta, hata Mjomba wako anaponiita lile jina mbele za watu.

Lakini sasa nakuamuru, kama baba. Funga ile taa, na funga mdomo. Jina lako limeandikwa ukutani mwa gereji, watu wanakuletea magari wakiwa na watoto wao ndani. Ukisema, hawataleta tena, na miaka yangu mitano itakuwa imepotea bure. Kuna vitu vichache nimevifanya vizuri tangu mama yenu atutoke. Hiki ni kimoja, usininyang'anye.

Baba

*

Gereji, 26 Juni
(nakala kwa Baba)

Mjomba,

Shikamoo.

Bibie hana saa. Kama hukubali, njoo uitafute. Ile tik-tak uliyoisikia siku ya ajali ni indiketa. Baba aliiwasha kabla ya kona, kama alivyowafundisha nusu ya madereva wa mji huu, na wewe ni shahidi wake.

Nje haikuwaka kwa sababu yangu. Nilipokuwa mwanafunzi nilipaka rangi buti la Bibie, na wakati wa kurudisha taa ya kulia nikafunga waya juu ya rangi badala ya juu ya chuma, tena nikaweka mpira chini yake. Ni kosa la mtu anayependa kazi ing'ae kabla haijafanya kazi. Baba alilikuta siku ya tatu akalinyamazia, akajiandikia yeye. Mguu wako nimeuvunja mimi. Siku nyingine ukiiegemeza ile fimbo ukutani, niangalie mimi. Samahani, Mjomba. Nasema samahani na sijui kama inatosha, lakini ni yangu na naitoa mwenyewe.

Baba amenikataza kusema haya. Nimekataa. Nakala ya barua hii nimeibandika kwenye mlango wa gereji, kwa nje, kwa herufi kubwa. Nyingine nimeipeleka chuo kilichonipa cheti. Wakitaka kukichukua, wanajua nilipo. Tangu asubuhi wateja wawili wameisoma. Mmoja amechukua gari lake akaondoka. Wa pili ameisoma mara mbili, akaniambia nimkagulie nyaya zote nyeusi za gari lake mbele ya macho yake. Nimemkagulia.

Taa ya kulia nimeimaliza jana. Nilikwangua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga waya, kisha nikaongeza wa pili pembeni yake, kwa sababu yule msichana wa mpira wa baiskeli simwamini tena. Sasa pande zote mbili zinakimbia sawasawa.

Ukitaka nisije harusini, sitakuja. Nitasimama barabarani nimwone mdogo wangu akipita. Ila atapita ndani ya Bibie, na Baba atakuwa kwenye usukani, na lile jina hutamwita tena. Ukilitafutia mtu wa kumvisha, nipo.

Mpwa wako,
Fundi

*

Nyumbani kwangu, 29 Juni

Mpwa,

Barua yako nimesomewa mara moja na nimeisoma mwenyewe mara mbili. Mguu haujapona kwa kuisoma.

Juzi nilikuja gereji, ukiwa umetoka. Nilisoma pale mlangoni, watu wakinitazama. Kisha nikachungulia dirishani mwa Bibie na nikaitafuta saa.

Nilisema mbele za watu, nitakanusha mbele za watu. Nimeitisha kikao Jumapili, saa nne asubuhi, sebule ile ile. Mama wa bwana harusi atakuwepo, nimehakikisha. Njoo, na meza uiache salama. Baba yako nimemwandikia mwenyewe, na niliyomwandikia hayakuhusu.

Bado nina hasira na wewe, na nitakuwa nayo mpaka nichoke. Hayo mataa yako bado ni ya disko. Gari jeupe nimelirudisha.

Mjomba

*

Kwa Shangazi yako, 4 Julai

Fundi,

Nakala yako ilinifikia nikiwa uani. Nilizunguka nikiongea peke yangu mpaka Shangazi yako akaja kunishika paji la uso.

Umeniasi. Nilikuamuru waziwazi na wewe ukaenda kubandika mlangoni. Miaka mitano nimelishikilia lile jambo kwa mikono miwili, umelichukua kwa siku tatu. Nina hasira na wewe, na nimefurahi, na vyote viwili vimenijia kwa pamoja hata sijui nianze na kipi. Shangazi yako anasema nianze na kula.

Mjomba wako ameniandikia mistari sita. Minne inahusu mguu. Miwili iliyobaki nimeiweka mfukoni mwa shati na natembea nayo.

Jana nilikwenda kuhuisha leseni. Mtu wa umri wangu lazima apimwe tena barabarani, wakanipa afisa kijana, kanyoa vizuri, akaniambia, "Usiogope, mzee wangu." Nikamzungusha mji mzima. Kioo, indiketa, kioo tena, ndipo usukani. Kufika sokoni alikuwa ameacha kunipima, ananiuliza maswali. Leseni ninayo.

Nakuja Jumatano ya wiki ya harusi, na lori la maziwa. Nitaikagua kazi yako pande zote mbili na wewe utasimama kando umenyamaza. Nikikuta kosa nitalisema kwa sauti. Ile barua ya mlangoni usiibandue mpaka niisome pale pale, nimesimama, wateja wakiniona. Wakiuliza mimi ni nani, nitawaambia ni baba wa fundi aliyeandika hiyo, na kama wana gari bovu waliingize ndani.

Na hutasimama barabarani, usinitanie. Bibi harusi nyuma, Mjomba wako pembeni yake akitaka, na wewe kiti cha mbele karibu yangu, uso juu. Kutoka nyumbani mpaka ukumbini kuna kona moja tu ya kulia, ile ile ya ajali. Miaka thelathini na moja nimewafundisha watu wasiwashe indiketa mapema mno, wanawachanganya walio nyuma. Siku hiyo nitaiwasha nikiwa bado getini, na nitaendesha mtaa mzima inakimbia, polepole, na sitaizima mpaka tumeshaipita ile kona. Atakayeona imezidi ageuze shingo.

Baba yako